Mwisho wa waya, mwisho wa mto

Habari ya bwawa la Ethiopia ikifika barzani, mmoja atataja megawati 5,150, mwengine atasema Misri inakauka, na kahawa itakwisha kabla hata neno moja halijapimwa. Sisi tuliofanya kazi za umeme Unguja na Pemba tuna sababu ya kulisikiliza bwawa hilo kwa makini zaidi. Unguja inawashwa kwa waya unaotoka Ras Kiromoni, upande wa bara, ukapita chini ya bahari hadi Fumba, kisha ukaingia kituo cha kupoza umeme cha Mtoni. Pemba, tangu 2010, inapata wake kutoka Tanga. Mto wa kufua umeme hatuna. Tumekaa mwisho wa waya kama Misri ilivyokaa mwisho wa mto, na aliye mwisho ana maswali yake: huko juu kukipungua, nani anapunguziwa kwanza, na habari inamfikia kabla au baada?

Kwa maswali hayo ndivyo tunavyolisoma Bwawa Kuu la Renaissance, lililojengwa juu ya Mto Abbay, yaani Nile ya Buluu, karibu na mpaka wa Sudan.

Tuanze na hiyo 5,150, maana ndiyo inayowapoteza watu. Ni megawati za mitambo 13 ikizunguka yote pamoja kwa nguvu kamili: 11 ya megawati 400 na miwili ya 375. Hesabu ya mtambo wa maji ni nyepesi, mtu anaweza kuifanya kwa simu yake. Zidisha 9.81 kwa mtiririko wa maji, mita za ujazo kwa sekunde; zidisha tena kwa kimo ambacho maji yanaanguka, kwa mita; malizia na ufanisi wa mtambo. Jibu ni kilowati. Chukua kimo cha mita 130 na ufanisi wa 0.9: mtambo mmoja wa megawati 400 unataka kama mita za ujazo 350 kila sekunde, na yote 13 inataka karibu 4,500. Sasa nenda mtoni. Abbay huleta pale wastani wa mita za ujazo bilioni 49 kwa mwaka. Gawa kwa sekunde za mwaka, milioni 31.5, unapata takriban 1,550 kwa sekunde. Maji hayo yanazungusha mitambo minne na nusu. Kwa wastani wa mwaka ni megawati kama 1,780, yaani gigawati-saa 15,600 hivi, na makadirio yaliyotangazwa ya bwawa lenyewe ni karibu 15,700. Anayezigawa megawati 5,150 kwa majirani usiku kucha anagawa pilau ambayo theluthi mbili yake haijapikwa.

Kwa nini basi wakafunga mitambo mingi hivyo? Kwa sababu mto haufuati wastani. Sehemu kubwa ya maji ya Abbay hupita baina ya Julai na Oktoba, na watu nao huwasha taa na majiko saa moja usiku, si saa tisa. Mitambo ya ziada ni ya kukamata mafuriko na kilele cha jioni. Hata hivyo wenyewe waliona walizidisha: wakati mmoja mpango ulikuwa wa mitambo 16.

Ukuta mkuu una kimo cha mita 145 na urefu wa karibu mita 1,800. Ni wa zege kavu, inayomwagwa kwa matabaka na kushindiliwa kwa mashine nzito kama tunavyoshindilia barabara. Pembeni kulikuwa na bonde ambalo maji yangetorokea, likazibwa kwa ukuta wa pili wa mawe, kimo kama mita 50, urefu wa kilomita tano hivi. Ziwa likijaa hadi mita 640 juu ya usawa wa bahari hubeba mita za ujazo bilioni 74, na uso wake unapita kilomita za mraba 1,800. Unguja nzima, Nungwi hadi Kizimkazi, ni kama 1,666. Katika bilioni hizo 74, takriban 15 ni maji mfu: yapo, lakini yako chini ya kiwango cha kuendeshea mitambo. Yanayochezeka ni 59.

Weka 74 juu ya 49 utaona ugomvi umeanzia wapi. Ziwa linameza mwaka mmoja na nusu wa mto mzima. Ukilijaza kwa miaka miwili, wa chini anabaki na robo tu ya mto; ukilijaza kwa miaka 15, mwenye bwawa analipa mkopo bila kuuza umeme. Ethiopia ilianza Julai 2020 kwa bilioni 4.9, ikaendelea kila msimu wa mvua, na umeme wa kwanza ukatoka Februari 2022. Uzinduzi ulifanyika Septemba 9, 2025, miaka 14 baada ya jiwe la msingi la Aprili 2011. Kwa bahati mvua za miaka ile zilikuwa nzuri, na Aswan, bwawa kubwa la Misri, haikutikisika kama ilivyohofiwa. Bahati hiyo imewafanya wengi waone hapakuwa na tatizo. Lilikuwapo, ila lilitokea padogo.

Julai 2020 Sudan ililalamika kwamba mto umepungua kwa mita za ujazo milioni 90 kwa siku bila taarifa. Milioni 90 kwa siku ni zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Khartoum ikaona baadhi ya vituo vya kusukuma maji ya kunywa vinasimama. Hapa ndipo fundi wa Unguja anapoelewa kuliko mwanadiplomasia. Pampu ya mtoni inafyonza kwa bomba ambalo mdomo wake uliwekwa kwa kina kilichokadiriwa siku ya ujenzi. Maji yakishuka mpaka uso ukaukaribia mdomo, yanaanza kuzunguka kama yanavyozunguka kwenye tundu la karo, hewa inaingia, pampu inapoteza mvuto, mota inazunguka bure na sili zinapata moto mpaka zinaungua. Asiyejua hupiga swichi tena na tena, na kila mara anaiharibu zaidi. Dawa yake ni kuizima, kushusha mdomo wa bomba au kuufunga kwenye boya linalopanda na kushuka na maji, kisha kuijaza pampu maji kwa mkono hadi hewa yote itoke, ndiyo uiwashe. Ukipewa taarifa siku tatu kabla, hiyo ni kazi ya saa chache. Ukiamka asubuhi ukakuta mfereji unatoa upepo, ni kazi ya wiki, na vipuri huna.

Mji wetu umeyaonja hayo kwa njia ya umeme. Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi. Disemba 10, 2009 waya ukapata hitilafu tena, na umeme ulirudi Machi 2010. Waliokuwa nje walidhani shida ni giza. Giza lina taa ya chemni. Shida ilikuwa maji, kwa sababu visima vya mji vinasukumwa kwa umeme, na nyumba zisizokuwa na tangi zilirudi kwenye ndoo siku ya pili tu. Hesabu ya nyumba ni hii: watu sita, lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 120. Tangi la lita 1,000 lililojaa linawafikisha siku ya nane. Tangi hilo hilo likiwa limebaki nusu wakati waya ulipokatika, linawafikisha siku ya nne. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa 2013 kando ya ule wa 1980 wa megawati 45. Umepunguza hofu, lakini waliopitia miezi ile mitatu mpaka leo hawaachi tangi likashuka chini ya nusu.

Aswan ni tangi la juu la Misri. Bwawa lile lililokamilika 1970 linaweza kubeba zaidi ya bilioni 160, japo takriban 30 za chini ni maji mfu. Mgao wa Misri katika mkataba wake na Sudan wa 1959 ni bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan 18.5, na bilioni 10 zikaachiwa jua, kwa sababu ziwa liko jangwani. Jumla 84. Ethiopia, ambako sehemu kubwa kabisa ya maji hayo inatoka, haikuandikiwa hata tone. Kwa hivyo ukisikia Misri inasema haki yake ya kihistoria na Ethiopia inasema mkataba wa watu wawili haumfungi wa tatu, kila mmoja anasoma karatasi ile ile.

Hoja ya Ethiopia kwamba mtambo hauli maji ni ya kweli. Maji yanaingia juu, yanasukuma gurudumu, yanatoka chini yakaenda zake. Kinachopotea ni kile kinachopaa na jua. Ziwa likishajaa, mwaka wa kawaida unapita bila mtu kuathirika. Kuna na faida: mto ambao ulikuwa ukipanda kwa vurugu Agosti na kukonda Aprili sasa unaweza kutiririka sawasawa mwaka mzima. Bwawa la Roseires nchini Sudan, la 1966, lilikuwa likijaa tope kiasi kwamba walilazimika kuacha malango wazi wakati mafuriko makali yanapita, ndipo wafunge na kujaza kuanzia Septemba, na 2013 ukuta wake ukaongezwa kimo kama mita 10. Sasa tope linabaki kwa mwenye bwawa la juu. Mwenye pampu anashukuru. Mkulima aliyezoea kupanda kwenye ukingo uliolowa maji yakirudi nyuma, na mfyatua matofali aliyekuwa akitumia udongo mpya wa kila mwaka, hawashukuru. Misri nayo ina wasiwasi ambao haisemi kwa sauti: Sudan haikuwa ikiutumia mgao wake wote, na mto uliotulia unaifanya iweze kumwagilia zaidi.

Yote hayo yanazungumzika. Kisichozungumzika vizuri ni ukame wa miaka mingi mfululizo, na hapo hesabu inauma. Katika mazungumzo ya nchi hizo tatu kule Washington, 2019 na 2020, ilitajwa bilioni 37 kwa mwaka kuwa kiwango cha kutambulia ukame. Tuseme mto unaleta 37 badala ya 49 kwa miaka mitatu. Upungufu ni 12 kila mwaka, jumla 36. Wa chini anasema: zitoe ziwani, ndiyo maana ya akiba. Mwenye bwawa akikubali, kati ya zile 59 zinazochezeka anabaki na 23, na ziwa linashuka. Likishuka kutoka mita 640 mpaka 590, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kuendeshea, kimo cha kuangukia maji kinapungua kwa mita 50, na mita ya ujazo ile ile inatoa umeme pungufu kwa karibu asilimia 40. Kwa hivyo kila anachokitoa kumwokoa jirani kinampunguzia maji na kinampunguzia thamani ya maji yaliyobaki.

Halafu mvua inarudi. Mwaka wa nne mto unaleta 55. Je, Ethiopia ijaze kwanza zile 36 zake, au ipitishe zote Aswan ijae? Wakipitisha zote, umeme wa Ethiopia unabaki mdogo kwa miaka. Wakijaza kwanza, Misri inaona ukame umekwisha kwa wengine na kwake unaanza. Hili si jambo la kufikirika tu. Miaka ya 1980 mvua za nyanda za juu za Ethiopia zilipungua kwa miaka kadhaa, ziwa la Aswan likashuka mpaka ikahofiwa mitambo itazimwa, na mvua kubwa za 1988 ndizo zilizookoa. Wakati ule palikuwa na tangi moja tu mtoni la ukubwa huo. Sasa yapo mawili, kila moja na mwenyewe. Misri na Sudan wanataka jibu la swali hilo liandikwe kwa mkataba unaofunga na liwe na mwamuzi. Ethiopia inataka uwe mwongozo unaoweza kurekebishwa, ikihofia kwamba leo ikikubali kufungwa kwa bwawa moja, kesho haitaweza kujenga jengine. Azimio la Khartoum la Machi 23, 2015, lililotiwa saini na nchi zote tatu, lina maneno mazuri ya ushirikiano, lakini idadi ya mita za ujazo halina. Na fundi anajua, karatasi isiyo na namba haiendeshi lango.

Pia kuna kosa la upande wa pili, la maji kuzidi. Ziwa likiwa limejaa pomoni na mvua bado, kila kinachoingia lazima kitoke. Kama mitambo inazunguka yote, inapitisha 4,500 kwa sekunde bila kelele. Kama mitambo michache ndiyo inayofanya kazi, iwe kwa ubovu au kwa kuwa laini za kupeleka umeme hazijatosha, basi maji yanabaki yakipanda mpaka malango ya utoro, yaani ya kumwagia maji yaliyozidi, yafunguliwe, na yakifunguliwa yanashuka kwa mkupuo. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2025 Sudan ilipata mafuriko. Misri ikalaumu uendeshaji wa bwawa. Ethiopia ikakana, ikasema bwawa limepunguza madhara. Hatutahukumu. Kanuni ya kazi inajulikana lakini: ziwa la mafuriko huachiwa nafasi tupu juu yake kabla ya mvua kumalizika, na laini za umeme hukamilishwa pamoja na mitambo, si baada yake.

Tanzania si mtazamaji. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano ya 1929 yaliyoipa Misri sauti juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Mpango wa nchi za Bonde la Nile ulizaliwa Dar es Salaam mwaka 1999, na mkataba mkuu uliofunguliwa Entebbe 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje. Kwenye Mto Kagera, unaoingia Ziwa Viktoria na kwa hiyo ni mtoto wa Nile, Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawasawa megawati 80 za kituo cha umeme wa maji cha Rusumo. Hakuna aliyetishia vita. Siri yake ni ya kiufundi: Rusumo inatumia maji yanavyopita, haina ziwa la kuweka akiba ya mwaka. Asiyeshika akiba hashikiwi bango.

Na wanaocheka na wacheke: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235, limejengwa na kampuni za Misri. Rufiji haitoki nje ya nchi, ndiyo tofauti.

Linalotuhusu visiwani zaidi ni waya. Kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, kuna laini ya mkondo mnyoofu (DC) ya kilovoti 500, zaidi ya kilomita 1,000, yenye uwezo wa megawati 2,000. Kenya ilianza kununua 200 mwishoni mwa 2022. Baina ya Isinya na Singida ipo laini ya kilovoti 400. Machi 2025 Rais Samia alipotangaza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia, watu waliuliza: na Rufiji je? Swali la haki, na jibu lake liko kwenye joto la waya. Upotevu hupanda kwa mraba wa mkondo: ampea zikizidi mara mbili, upotevu ni mara nne. Kusukuma umeme kutoka kusini mwa nchi hadi Kilimanjaro na Arusha kwa laini ndefu zilizoelemewa ni kuuza maji kwa ndoo iliyotoboka. Kuchukua karibu, hata kwa jirani, kunaweza kuwa rahisi. Lakini ukishaungwa kwenye gridi, umeme hauna alama ya kwao. Wa Abbay, wa Rufiji na wa gesi ya Mtwara unachanganyika, na gridi ya bara ikianguka, Unguja na Pemba zinazima pamoja nayo.

Kwa hivyo mtu akituuliza, “Shekhe, nyinyi mko upande gani?” tunamwambia tuko upande wa taarifa. Taarifa ya bwawa inayofaa ni fupi, inaingia ujumbe mmoja wa simu: kina cha ziwa saa kumi na mbili asubuhi, maji yaliyoingia jana, yaliyopita mitamboni, yaliyopita utoroni, na kinachotarajiwa kwa siku kumi mbele. Namba tano. Msimamizi wa Roseires, kilomita kama mia tu chini ya ukuta, akizipata kila asubuhi anajua leo ashushe maji au ayashike. Wa pampu ya Khartoum anajua ashushe mdomo wa bomba. Wa Aswan anajua akadirie nini. Wakitangaziwa tu kwamba maji yatapungua, bila saa wala kiasi, watafanya tunachofanya sisi tukisikia umeme utakatika kesho kwa matengenezo na hatukuambiwa ni kutwa au ni saa mbili: kila nyumba inafungua mfereji kwa pamoja jioni ile ile, na nyumba za mwisho wa bomba hazipati hata dumu moja.